Usiku wa Kwanza, Isevya

Siku thelathini na nane, Kitete,
nililala nikiisikiliza mashine.
Ti. Ti. Ti.
Niliichukia kama mbu aliyeingia chandaruani.
Leo Sista Nyanzala ametuandikia ruhusa:
"Nenda, mama. Huyu ameshakuwa mtu."
Nami, mlangoni, na beseni na furushi la nguo,
nikatamani kumwomba ile mashine.

Kilo moja na gramu mia tisa.
Mama mkwe anauza asali sokoni,
kilo anaijua kwa kiganja.
Alimpokea Mihayo, akampima hewani, akanyamaza,
kisha akasema, "Bado kidogo ijae,"
kama anaongea na mteja.
Nikacheka. Halafu nikaenda uani nikalia.

Mizani yake ipo nyuma ya mlango,
sahani yake bado inanata,
na tangu magharibi naiangalia kwa jicho la wizi.
Nimempima mara moja.
Haya, mara mbili.
Mara ya pili mshale ukarudi nyuma unywele mmoja,
nikahisi nyumba inainama,
mpaka Lugendo, anafunga viatu aende zamu stesheni,
akaniambia: "Mara ya kwanza alikuwa na soksi."

Mtaani wanamwita njiti.
Hawana ubaya, ndivyo watu wasemavyo.
"Njiti wa Lugendo karudi?"
Wanaleta unga wa ulezi, wanaleta sabuni.
Nawaambia wanawe kwanza.
Wananawa, wananitazama
kama niliyerudi na maringo ya hospitali.
Wakiondoka, lile neno linabaki kwangu.
Njiti.

Saa sita anapumua.
Saa saba anapumua.
Halafu anatua.

Unaijua treni ya Mpanda
inavyosimama porini, pasipo stesheni,
pasipo wa kuja kukueleza?
Abiria wanatazamana. Mtu anakohoa.
Kisha mabehewa yanagongana: twende.
Ndivyo anavyopumua mwanangu.
Sista alisema, sekunde tano si kitu,
zikifika ishirini, au midomo ikigeuka rangi,
mguse unyayo, mkimbize kwetu.
Mimi sekunde ya tatu
nimeshafika makaburini na kurudi.

Saa nane umeme ukakatika.
Giza la Isevya halipigi hodi.
Simu imezima. Nikapapasa, nikakuta kiberiti.
Nikawasha, mkono mbali na chandarua:
kifua kinapanda.
Ikaniunguza kidole.
Nikawasha ya pili: kinashuka.
Ya tatu.
Ya nne ikagoma, nikaitukana.
Ya tano sikumtazama mtoto.
Niliitazama yenyewe,
kitu chembamba vile, kimebeba chumba kizima,
ndoo, kabati, kalenda ya mwaka juzi,
na uso wangu kwenye kioo,
ambao sikuwa nimeuona tangu mwezi uliopita.

Nikaweka kiberiti chini.
Nikafungua khanga, nikamlaza kifuani,
ngozi kwa ngozi, kichwa upande,
kama tulivyofundishwa wodini. Nikamfunga.
Sioni kitu.
Ila hapa, chini ya mfupa wa shingo,
kuna kijoto kinakuja, kinakwenda,
kinakuja.
Kinatua.
Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Tano.
Kinakuja.

Sijapona hofu, nisikudanganye.
Kukipambazuka nitampima tena,
safari hii bila soksi.
Lakini honi ilipolia kule stesheni,
na usiku ukiwa umebaki ukingo tu,
Mihayo alishtuka, akanikwaruza,
akalia kwa hasira kama paka aliyefungiwa stoo.
Nikajua anataka ziwa.
Nikamwacha alie kidogo,
nisikie.